Paka Hufuata Joto

Torquil Beaton alikuwa na vitu vitatu vya thamani: koti jeusi la mchungaji, alilolipata kwa njia ambayo mchungaji mwenyewe hakuarifiwa, sauti nzito iliyofaa mazishi na uongo kwa kiwango kilekile, na sura ambayo mjini Inverness hakuna aliyekuwa ameizoea bado. Alikuwa na viatu pia, lakini hivyo tusivihesabu. Soli zake zilikata tamaa tangu Septemba. Sasa Novemba ilikuwa imeingia, naye alitembea juu ya kurasa za gazeti zilizokunjwa, kila hatua akikanyaga habari za Bunge.

Elgin walimfahamu. Nairn walimfahamu zaidi. Kule Dingwall hakimu alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba wakionana tena atampatia miaka miwili ya malazi ya bure. Inverness ndio uliokuwa mji wa mwisho. Ukishaupita huo kuna milima na kondoo, na kondoo hawatapeliki, kwa sababu hawana mifuko.

Basi adhuhuri moja ya mvua alikuwa ameketi katika baa iliyo karibu na daraja, akiinyonya glasi moja ya wiski kwa saa nzima kama mtoto mwenye pipi ya mwisho, aliposikia mtu akilia. Hakuwa akilia kwa huzuni. Torquil alikuwa na sikio la mambo hayo. Yule alikuwa analilia mali.

"Nimepasua magodoro yote!" alisema mliaji. "Nimebomoa kabati. Nimemwaga unga wa shayiri gunia zima. Hakuna kitu!"

"Pole, Dugald," alisema mwenye baa. "Na mjomba wako je?"

"Mjomba amekufa. Huyo hana tatizo tena. Mwenye tatizo ni mimi!"

Huyu alikuwa Dugald Gollan, muuza kofia, mtu mnene aliyevaa glavu nyeupe hata akinywa. Mjomba wake, Mzee Gollan wa biashara ya ngozi, alikuwa amefariki juzi, na mji mzima ulijua kwamba mzee yule hakuweka benki hata senti, kwa sababu benki zina watu ndani.

"Miaka thelathini," Dugald akaendelea, "ameketi kwenye kiti kilekile, miguu juu ya jiwe la meko, anaota moto. Ukimsogezea kiti hata inchi moja anakurushia kikombe."

"Moto ule si mchezo," mwenye baa akasema. "Bibi yake aliubeba kwenye chungu siku wenye ardhi walipowafukuza kule bondeni, ukiwa makaa hai mpaka mjini hapa. Miaka themanini haujawahi kuzimika. Kila jioni unafukiwa majivuni, kila asubuhi unafufuliwa."

"Utazimika," akasema Dugald. "Tukimzika kesho, keshokutwa namtoa yule mama mtumishi wake, na nyumba naiuza."

Torquil akaweka glasi chini polepole. Kuna watu ambao wakisikia mashairi hupata baridi mgongoni. Yeye aliipata sasa. Mtu bahili. Kiti kisichosogezwa. Moto usiozimwa kwa miaka themanini, katika ukoo ambao ungekubali kuzama baharini kuliko kuuzima. Mtu anayetaka kuficha kitu mahali ambapo ndugu zake hawatachimba, angekificha wapi jamani?

Mwizi wa kawaida angesubiri giza na kuvunja mlango. Torquil aliwadharau wezi wa kawaida. Yeye alipenda mwenye nyumba amfungulie, amkaribishe, na amshikie koti.

Alisimama, akamwendea Dugald, akavua kofia.

"Pole kwa msiba, bwana. Samahani kuuliza: nani anamlinda marehemu dhidi ya Paka?"

Hapo kila kichwa katika baa kikageuka. Sisi wa Inverness ni Wakristo wazuri. Mchungaji wetu huhubiri kila mwaka dhidi ya imani ya Cat Sith, yule paka wa mizimu, mkubwa kama mbwa, mweusi kote isipokuwa doa jeupe kifuani, anayeruka juu ya maiti kabla ya mazishi na kuondoka na roho. Huhubiri vizuri sana. Akimaliza hurudi nyumbani kuangalia kama kibakuli cha maziwa kimewekwa mlangoni.

"Upuuzi," akasema Dugald, lakini kwa sauti ndogo.

"Ni upuuzi mtupu, bwana," Torquil akakubali. "Mimi mlinzi wa maiti mwaka wa kumi na saba sasa, na nakwambia watu wanaongea upuuzi. Wanadhani hasara ni ya marehemu. Marehemu anapoteza nini? Hasara ni ya mrithi! Roho ikibaki na mwili mpaka kaburini, siku ya tatu humjia mrithi ndotoni, ikamwonyesha kila alichoficha marehemu. Paka akiichukua..." Akapuliza kiganja chake kitupu. "Siri imekwenda. Pole tena, bwana. Nakutakia alasiri njema."

Akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Alikuwa ameweka dau moyoni kwamba ataitwa kwenye hatua ya nne. Aliitwa kwenye ya pili.

*

Nyumba ya Mzee Gollan ilikuwa na vyumba viwili vya chini: sebule, ambako mzee alilala ndani ya jeneza, na jiko, ambako moto wa mboji, ule udongo mkavu unaochomwa kama kuni, ulikuwa ukiwaka kimyakimya chini ya dohani. Kando ya moto alisimama Murdina, mtumishi wa nyumba hiyo kwa miaka arobaini, kibibi mwembamba kama ufagio, macho ya kijivu, aproni nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe.

Tangu siku ya msiba Dugald mwenyewe alikuwa amejiweka mlango wa mbele, isipokuwa alipokwenda baa. Kila aliyetoka alipapaswa mifuko, kuanzia waombolezaji hadi fundi wa jeneza. Murdina alipapaswa mara nyingi zaidi ya wote, mara tano kwa siku, na kila mara Dugald alimwambia, "Si kwamba sikuamini, mama."

"Najua, mwanangu," hujibu Murdina. "Papasa tu."

Torquil akatoa masharti kwa sauti ya kaburini. Waombolezaji wote wakae sebuleni na maiti. Wacheze, waimbe, wapigane mieleka, wategane vitendawili, kwa sababu paka ni mbea na hawezi kupita mchezo bila kuutazama. Atakapotokea, mtu asitoke mpaka paka mwenyewe atoke. Na zaidi ya yote, nyumba iwe baridi kama kaburi.

"Paka hufuata joto," alisema, akiinua kidole. "Lishikeni hilo hata mkisahau mengine. Palipo na joto, ndipo paka alipo. Moto huu lazima uzimwe."

Waombolezaji wakatazamana. Ewan mhunzi, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala, akajifuta jasho. "Nani atauzima? Mimi siwezi. Bibi yangu alikuja kuwashia kwake kwa moto huu."

"Mimi ni damu ya ukoo," Dugald akasema haraka. "Itaniletea mkosi."

Murdina akafunika uso na aproni. "Miaka arobaini nimeufukia na kuufufua. Mnataka niuue kwa mkono wangu?" Kisha, kutoka nyuma ya aproni: "Labda mgeni. Mkosi wa mgeni huenda naye."

Torquil alitaka kumbusu. Kibibi kile kilikuwa kimemfungulia mlango ambao alikuwa amejiandaa kuugonga kwa nusu saa.

"Nitaubeba mkosi huo, mama yangu," alisema kwa unyenyekevu. "Nitakaa humu jikoni peke yangu, nilinde dohani, maana ndiyo njia yake. Nahitaji tu ndoo ya majivu."

"Ndoo ipo," akasema Murdina. "Na chuma cha kuchokolea moto kipo. Kizito, lakini ni imara." Akaangalia viatu vya Torquil. "Umetembea sana, mwanangu."

"Kazi ya roho haina viatu, mama."

"Naona," akasema Murdina.

*

Saa tisa alasiri michezo ikaanza. Huko sebuleni fidla ililia, watu wakapiga miguu chini, Ewan mhunzi akamwinua mwokaji mikate na kumbwaga karibu na jeneza kwa kishindo kilichomfanya marehemu atikisike. Mtu akaita "Kitendawili!" na sauti ishirini zikajibu "Tega!" huku meno yakigongana, maana nyumba ilikuwa imeanza kuwa baridi kwelikweli. Kila mtu alipoongea, alitoa moshi mdomoni.

Jikoni, Torquil alikuwa amesogeza makaa yote kando kwa koleo. Akaingiza ncha ya chuma kwenye ufa wa jiwe la meko na kulala juu yake kwa uzito wake wote. Jiwe halikusogea. Akasubiri Ewan ambwage mtu mwingine. Kishindo! Akasukuma. Jiwe likanyanyuka kwa upana wa kidole. Kishindo! Kwa upana wa mkono. Jiwe lilikuwa bado na joto la miaka themanini, na mtu wetu, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kuinua kitu kizito kuliko kadi za karata, alitokwa jasho mpaka kola ya mchungaji ikalainika kama chapati. Mtu wa kumi na moja alipobwagwa, jiwe lilisimama wima.

Chini yake kulikuwa na mfuko wa ngozi, wa ngozi nzuri, kazi ya Mzee mwenyewe. Ndani, sarafu za dhahabu zilimtazama Torquil kwa ule utulivu wa vitu vinavyojua thamani yake.

Hakupoteza muda kuhesabu. Kuhesabu ni kazi ya watu waliokwisha kufika salama. Aliuweka mfuko chini kabisa ya ndoo, akaumwagia majivu, juu ya majivu akalundika makaa, juu ya makaa majivu tena. Glavu nyeupe za Dugald zingepapasa mbingu na ardhi, lakini majivu zisingegusa. Kisha akamwita Murdina kupitia mlango wa sebule.

"Mama, haya ndiyo majivu ya mkosi. Lazima yatoke sasa hivi. Yapeleke chini ya daraja, uiache ndoo pale pale, uondoke."

Murdina akaitazama ndoo. Kwa mgongo wa koleo akalainisha majivu juu, akayapigapiga mara tatu, huku midomo ikinong'ona maneno polepole. Huzuni, akafikiri Torquil, na kwa heshima akatazama pembeni. Alikuwa mtoto wa mjini. Alikua kando ya jiko la chuma la makaa ya mawe, na hakuwahi kuona mwanamke wa milimani anavyoufukia moto jioni.

"Na nikigeuka nyuma?" Murdina akauliza.

"Usithubutu! Ukigeuka nyuma utageuka paka."

"Basi sitageuka, mwanangu. Nakuapia."

Akainua ndoo kwa mikono miwili. Torquil akamsikia akifika mlango wa mbele.

"Ni nini hicho?" sauti ya Dugald.

"Majivu ya mkosi. Papasa, mwanangu."

"Pita, mama. Pita haraka."

*

Ilibaki sehemu ya mwisho, ile ambayo Torquil aliipenda kama msanii. Nyuma ya mlango wa jiko alikuwa ameficha gunia, na ndani ya gunia lilikuwamo dume la paka jeusi la bandarini, lenye sikio moja na nusu na doa zuri la chaki kifuani. Mpango ulikuwa rahisi. Paka anaingia sebuleni, watu wanapiga mayowe, Torquil anamfukuza mpaka nje, mpaka darajani, mpaka kusikojulikana. Shujaa hapapaswi mifuko.

Akafungua gunia, akasukuma mlango, akapaza sauti: "Paka! Paka wa Mizimu! Mtu asitoke!"

Mayowe yalikuwa ya kiwango cha juu. Mwokaji mikate alipanda juu ya kiti, mpiga fidla akapanda juu ya mwokaji mikate. Paka akasimama katikati ya sebule, doa lake liking'aa. Akalitazama jeneza. Akawatazama waombolezaji mmoja mmoja, wote wakiwa bluu kwa baridi.

"Toka!" Torquil akanguruma, akiunyoosha mkono kuelekea mlango. "Nakufukuza, ewe mwana wa giza!"

Paka akageuka. Akamwendea Torquil. Akamrukia gotini, kutoka gotini hadi kifuani, akapenyeza kichwa ndani ya koti la mchungaji, akaanza kukoroma kwa raha kama kinu.

"Toka, bwana!" Torquil akanong'ona, akimvuta mkia. Paka akatoa kucha na kushikilia.

Polepole, Ewan mhunzi akashuka kutoka dirishani. Hakuwa mtu wa mawazo mengi, lakini wazo moja likimwingia lilikaa kama msumari.

"Paka hufuata joto," alisema. "Umetuambia mwenyewe."

"Ndiyo, lakini..."

"Sisi tumeganda. Maiti ameganda. Mbona wewe una joto?"

Dugald akasogea. Akavua glavu moja, tendo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia, akaweka kiganja kwenye shavu la mlinzi wa maiti.

"Anatoka jasho!" akasema. "Humu ndani! Novemba!"

"Ni ile bidii ya kiroho," Torquil akasema.

"Na kifuani kwako nini hicho?"

Kila mtu akaangalia. Cat Sith alikuwa amejisugua kwa mapenzi, na doa lake la kutisha lilikuwa limehamia lote kwenye koti jeusi.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka, nami nitayasimulia kwa staha ya msiba. Walikimbilia jikoni. Waliliona jiwe likiwa limesimama na shimo likiwa tupu. Walimgeuza Torquil miguu juu na kumtikisa, kazi ambayo Ewan aliifanya kwa mkono mmoja. Walimvua koti. Walimvua viatu, wakatoa Bunge zima, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna kitu.

"Niite polisi?" akauliza mwokaji mikate.

"Polisi!" Dugald akashtuka. "Ili iandikwe? Ili dada yangu wa Glasgow asome kwamba kulikuwa na dhahabu, aje kudai nusu? Polisi kwa sababu gani? Hakuna kilichopotea! Hapakuwa na kitu! Mtupeni nje!" Kisha, kwa sauti ya mtu anayekufa, "Murdina yuko wapi?"

Lakini hakuna aliyeweza kwenda kumtafuta. Paka alikuwa bado ndani, na masharti ni masharti. Wale waombolezaji wema walimzuia Dugald na kuuziba mlango mpaka Torquil alipokuwa ametupwa barabarani na paka wake kifuani.

Alikimbia peku mpaka darajani. Chini yake ulikuwamo Mto Ness, na bata wawili. Ndoo haikuwapo. Juu ya mawe ya barabara palikuwa na mstari mwembamba wa majivu, ukienda moja kwa moja, bila kupinda wala kusita, kama njia ya mtu asiyegeuka nyuma. Uliishia stesheni. Kwa mbali, treni ya kusini ilipiga honi.

*

Baada ya wiki tatu, mtu aliyefunga miguu kwa matambara aliingia Kingussie kwa kufuata reli ya kusini, akiwa na paka begani. Katika barabara kuu palikuwa na nyumba ya wageni mpya, mlango wa kijani, na kizingitini kibakuli cha maziwa. Paka akashuka, akanywa yote, akausukuma mlango kwa kichwa, akaingia kama mtu aliyeandikishwa.

Torquil akamfuata, na joto la mboji likampiga usoni.

"Funga mlango, mwanangu," sauti ikasema. "Tunapoteza moto."

Murdina alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri, miguu juu ya jiwe la meko, aproni yake imesimama wima. Moto uliwaka mbele yake kwa utulivu wa mwaka wa themanini na moja.

"Huo..." Torquil akaanza.

"Ndio wenyewe. Uliufukia vibaya kidogo, nikarekebisha kwa koleo. Umeona, sikugeuka nyuma. Mimi nikiapa nimeapa."

"Ulijua! Tangu mwanzo ulijua kilichokuwa chini ya jiwe!"

"Miaka arobaini nafagia juu yake, nisijue? Lakini lile jiwe, baba, linataka mgongo wa mwanamume. Na moto ule ulitaka mtu asiye na aibu. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Ukaingia wewe."

Murdina akaingiza mkono mfukoni, akampa shilingi mbili.

"Nini hii?"

"Ujira wako. Kuinua jiwe moja, kutwa. Ndivyo wanavyolipwa vibarua hapa Kingussie, nimeuliza. Na bakuli la supu nakuongezea, kwa sababu ya miguu."

Alikuwa ametukanwa katika miji mitano. Alikuwa amepigwa, amemwagiwa maji ya samaki, amesomewa hukumu. Lakini kulipwa ujira halali kwa kazi halali aliyoifanya kwa jasho lake, jambo hilo halijawahi kumpata, na lilimwuma mpaka kwenye mifupa. Akanywa supu yote. Ilikuwa nzuri mno, na hilo likazidisha uchungu.

Akasimama, akapiga mluzi kumwita paka. Paka, aliyejinyoosha mbele ya moto tumbo juu, akafungua jicho moja, akalifunga.

"Safari njema, mwanangu," akasema Murdina. "Na usigeuke nyuma."

Torquil alitoka kwenye mvua ya barafu, shilingi mbili zikilia mfukoni. Alipofika kwenye kona ya barabara alishindwa kuvumilia, akageuka. Dirishani aliona moto, na paka aliyelala mbele yake.

Alingoja kidogo pale barabarani, akijipapasa masikio. Lakini hakugeuka paka, bahati mbaya.